Bambo na Daftari

Bambo ni chuma kifupi chenye ncha, kilichokunjwa mfereji katikati. Mnunuzi wa mbaazi hulichoma ubavuni mwa gunia, akalitikisa kidogo, punje zikateremka mferejini hadi kiganjani mwake. Huzitazama rangi, huuma moja ajue ukavu wake, hutafuta matundu ya fukusi, kisha huchoma tena chini, kwa kuwa wapo wanaotandaza nzuri juu na kuficha chuya chini. Gunia la juti husamehe: likisuguliwa kwa ncha ya bambo, nyuzi hurudiana na tundu likajifuta. La salfeti halisahau. Kwa mkulima wa Babati bambo ni chombo cha siku nyingi cha kumpelelezea mali yake, nacho kina adabu moja ambayo vyombo vilivyofuata havinayo: bambo huchomwa mwenye gunia akiwa amesimama hapo, anaona. Daftari halina adabu hiyo. Wala simu, wala orodha ya mtafiti, wala mfumo wa kompyuta wa ghala. Biashara ya mazao katika mji huu, ulio kati ya ziwa lake na mlima Kwaraa, inaweza kusimuliwa kama historia ya nani alijua nani ana nini ndani, na alijuaje. Ukiisimulia hivyo, kitu ambacho wanasheria hukiita siri ya biashara, na ambacho tumezoea kukihusisha na viwanda vya soda na dawa, kinaonekana kuwa mali ya zamani ya mkulima, ila hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni yake.

Tuanze na ng'ombe, maana mbaazi kama zao la biashara zilikuja baadaye. Wagorowa, wenyeji wa Babati ambao vitabu vya kale viliwaita Wafiome, na Wairaqw walioteremka kutoka nyanda za Mbulu hadi Bashanet na Dareda, walikuwa na desturi ya kuwekeana mifugo. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwalaza wote katika zizi lake. Aliwakabidhi kwa marafiki na jamaa, mmoja bondeni, watatu mlimani. Aliyepokea alikunywa maziwa na kupata samadi, na mwenye mali alibaki na haki yake ya ng'ombe na uzao wake. Faida iliyosemwa waziwazi ilikuwa kugawa hatari, kwamba ugonjwa ukiingia zizi moja au ukame ukishika upande mmoja, mali haiishi yote. Faida ya pili ilisemwa kwa sauti ya chini: hakuna mpita njia aliyeweza kuhesabu utajiri wa mtu kwa kutazama zizi lake. Serikali ya kikoloni ilipokuja na kodi zake, na baada yake nyingine zikaja na michango yao, wahesabuji walikuta mazizi yasiyosema kila kitu. Lakini haikuwa siri ya mtu mmoja. Mwenye ng'ombe alijua, aliyekabidhiwa alijua, na mashahidi walijua, kwa sababu bila wao ndama wa kwanza tu angeleta ugomvi. Taarifa ile ilikuwa na mpaka, na ndani ya mpaka haikufichwa. Ni tofauti kabisa na siri ya ukoo wa Manda, wataalamu wa mvua na kinga ya nchi miongoni mwa Wairaqw, ambao maarifa yao yalirithishwa ndani ya familia na nguvu yao ilitokana na kumfungia nje kila asiye wao. Wengi wetu tukisikia neno siri huwaza hii ya pili. Mimi nazungumzia ya kwanza, ile inayohitaji mashahidi.

Wakoloni wenyewe walijua thamani ya siri katika kilimo kuliko walivyopenda kukiri. Mkonge wa Tanga ulianza kwa kuzunguka kizuizi cha wengine: Yucatán, huko Meksiko, haikutaka miche yake itoke, kwa hiyo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, akaagiza vichipukizi elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, na 62 tu ndivyo vilivyofika pwani vikiwa hai. Kutokana na hivyo 62 likaota zao zima la biashara. Huko bara hapakuwa na mambo makubwa ya namna hiyo. Kulikuwa na barabara na maduka. Barabara Kuu ya Kaskazini, ile iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo, ilipita Babati, na penye barabara palikuja maduka, na penye maduka palikuja daftari la mkopo. Mwenye duka aliyemkopesha mkulima chumvi, kitambaa na jembe hakuhitaji bambo. Alijua nani anadaiwa nini, na kwa hiyo alijua nani atauza mapema, kabla bei haijapanda, kwa kuwa hana budi. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha jambo hili: aliyeshika daftari hakuwa na haja ya kujua bei ya dunia ili amshinde mkulima. Kujua shida yake kulitosha.

Ushirika, ambao sheria yake ya kwanza Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, husimuliwa kila siku kama njia ya kukusanya nguvu: wengi pamoja wapate bei nzuri. Ni kweli, lakini ulifanya pia kazi nyingine isiyosifiwa. Magunia ya wanachama mia mbili yakishachanganywa katika rundo moja, mnunuzi haoni tena gunia la mjane anayetafuta karo wala la yule anayeweza kungoja hadi Desemba. Anaona rundo. Shida ya mmoja mmoja imefunikwa na wingi. Ushirika ulikuwa, kwa namna yake, zizi la kuwekeana ng'ombe lililoandikishwa serikalini, na sioni ajabu kwamba wakulima wa Kilimanjaro, walioanzisha chama chao cha KNCU mwaka 1933, waliulinda kwa wivu kiasi kile.

Miaka ya 1970 ilivunja mpaka huo kwa nia ambayo haikuwa mbaya. Operesheni Vijiji iliwakusanya watu, sheria ya vijiji ya 1975 ikakifanya kijiji kuwa mnunuzi wa kwanza wa mazao, na Mei 1976 vyama vya ushirika vikafutwa. Nafaka ziliuzwa kwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Mazao mengine mchanganyiko yalikuwa na shirika lake, GAPEX. Bei ilitangazwa redioni, moja nchi nzima, na kila mtu aliijua. Kwa upande wa bei, hakujawahi kuwa na uwazi kuliko ule. Kwa upande wa akiba mambo yaligeuka: katibu wa kijiji alijua kila kaya ilivuna nini, taarifa ikapanda wilayani, mkoani, hadi Dar es Salaam, na haikushuka tena. Mwaka 1983, katika kampeni ya hujuma za uchumi iliyoongozwa na Edward Sokoine, kuficha bidhaa kukawa kosa la kumpeleka mtu kizuizini, na neno mlanguzi likapata ukali ambao halijaupoteza hadi leo. Kampeni ile iliwalenga wafanyabiashara wakubwa, lakini somo lilifika hadi vijijini: mwenye akiba asiyoitangaza ni mtu wa kutiliwa shaka. Tukitaka kujua kwa nini mkulima wa leo humtajia kila anayemuuliza idadi ya magunia yake, au humdanganya kila anayemuuliza, tusiisahau miaka ile. Mazoea yote mawili yana chimbuko moja.

Kisha milango ikafunguliwa. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ya mazao ikaanza kulegezwa. Babati ikakatwa kutoka Hanang na kuwa wilaya mwaka 1985. Na mbaazi, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa mboga ya nyumbani iliyopandwa katikati ya mahindi, zikapata wanunuzi kutoka Arusha na Dar es Salaam waliotafuta soko la India. Zao hili lina akili yake. Hupandwa na mahindi mvua zinapoanza, hukaa shambani mahindi yakivunwa, na huvunwa kuanzia Agosti, miezi kadhaa kabla mavuno makubwa ya India hayajafika sokoni. Pengo hilo la miezi ndilo biashara yenyewe. Punje kubwa nyeupe za hapa zilijulikana sana hata sokoni zikaitwa Babati White, jina la mji likawa daraja la bidhaa, ingawa hakuna mtu wa Babati aliyelimiliki jina hilo. Ugonjwa wa mnyauko ulipozidi, watafiti wa kituo cha Selian na wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa yenye makao yake Patancheru karibu na Hyderabad, walileta aina zinazostahimili, na iliyopendwa zaidi ikapewa jina ambalo halihitaji tafsiri: Mali. Wakulima walizipanda, wakazigawana, wakahojiwa. Walihojiwa sana. Babati ni miongoni mwa wilaya zilizofuatiliwa kwa karibu na miradi ya maendeleo na ya utafiti kwa miongo kadhaa, kuanzia hifadhi ya misitu ya Duru-Haitemba iliyokabidhiwa kwa vijiji katika miaka ya 1990 hadi majaribio ya mahindi na mikunde ya miaka ya 2010. Ekari ngapi, magunia mangapi, uliuza mwezi gani, kwa nani, kwa nini hukusubiri. Maswali hayo yaliulizwa kwa nia njema na yalizaa mbegu bora. Lakini mtu yeyote wa biashara akiyasoma atayatambua mara moja: ndiyo maswali ambayo mnunuzi angelipa fedha kupata majibu yake.

Agosti 2017 ilionyesha jinsi ujuzi ulivyokaa upande mmoja. Mwaka uliotangulia wakulima wa India, wakivutiwa na bei, walikuwa wamepanda kwa wingi wakapata mavuno ya kuvunja rekodi, zaidi ya tani milioni 4. Tarehe 5 Agosti, mavuno ya Babati yakiwa ndiyo kwanza yanaanza, serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zitakazoingizwa katika mwaka wa fedha. Msumbiji ilisalimika kwa sababu Julai 2016 ilikuwa imetia saini makubaliano ya kuiuzia India kiasi maalumu kila mwaka, katika ziara ileile iliyomleta Waziri Mkuu Narendra Modi hadi Dar es Salaam. Hapa kwetu bei iliyokuwa imevuka shilingi 2,000 kwa kilo misimu michache kabla ikaangukia kwenye mamia. Nisidai zaidi ya ushahidi: siri isingeuza hata gunia moja mwaka ule. Hakuna ufunguo wa ghala Babati unaofungua bandari ya Mumbai. Ila makadirio ya mavuno ya India yalitangazwa na serikali ya India yenyewe, na aliyekuwa na kazi ya kuyasoma aliyasoma. Mnunuzi aliingia msimu akijua hali ya India na hali ya Babati. Mkulima alijua gunia lake tu. Na baada ya kikomo kutangazwa, biashara ndogo iliyobaki ilifanyika kati ya watu wanaojua nani hana pa kuhifadhi na watu wasiojua lolote kuhusu wenzao.

Hapo ndipo hunijia pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Watu husema kilichomuumiza mkulima siku zote ni giza, na dawa ya giza ni mwanga: mnada wa hadhara, mizani iliyopimwa badala ya debe na rumbesa, bei kwenye simu, na sasa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambamo mbaazi nazo ziliingizwa kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani. Kuhubiri siri ni kumrudisha dalali. Nakubali sehemu yote inayohusu bei. Bei, vipimo, madaraja, gharama za ghala, makato ya chama, hayo yawe hadharani, yabandikwe ukutani. Lakini akiba ni kitu kingine. Mfanyabiashara yeyote mkubwa duniani huutangaza mzigo wake pale inapompasa tu, na hata dalali, huyo anayelaumiwa kwa giza, hamwambii mkulima ana tani ngapi zilizokwisha kulipiwa na meli inaondoka lini. Uwazi unaomvua nguo mmoja na kumwacha mwingine amevaa koti haufai kuitwa uwazi. Huko kusini mwa nchi, wanakoita kangomba ule ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, kinachomwezesha mnunuzi kuweka bei ya kutupa ni kujua nani ana njaa mwezi gani. Bei ya mnada, hata ikitangazwa kwa kipaza sauti, haimwokoi aliyekwisha kujulikana hivyo.

Pingamizi la pili ni la wanasheria: siri gani hiyo wakati mashamba ya mbaazi yanaonekana na kila abiria wa basi la Dodoma, hasa tangu lami ya kilomita 251 ilipozinduliwa mwaka 2018? Jibu limo katika Kifungu cha 39 cha mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, uliotumika kuanzia 1995. Taarifa hulindwa kama siri ikiwa haijulikani kwa urahisi na watu wa fani hiyo, ikiwa ina thamani ya kibiashara kwa sababu ni siri, na ikiwa mwenye nayo amechukua hatua za maana kuitunza. Na mkataba unasema wazi kwamba kisichojulikana kinaweza kuwa ni mkusanyiko wenyewe, hata kama vipande vyake vinajulikana kimoja kimoja. Abiria ataona mashamba. Hataona kwamba chama fulani kina tani arobaini ghalani, kumi na tano za daraja la juu, na kwamba theluthi ya wanachama wanadaiwa pembejeo mwezi ujao. Tanzania haina sheria mahususi ya siri za biashara, na kwa kuwa ni miongoni mwa nchi maskini zaidi imepewa hadi Julai 2034 kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba huo. Hilo halina maana kuwa hatuna kitu. Mahakama zetu zilirithi kanuni za haki za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na humo mna wajibu wa kutunza kilichoaminishwa. Kesi ya Coco dhidi ya Clark ya mwaka 1968, ambayo wanafunzi wa sheria huisoma, ilifanya tu kazi ya kuupanga wajibu huo katika hatua tatu: kwamba taarifa ni ya siri, kwamba ilitolewa kwa kuaminiana, na kwamba ilitumiwa bila ruhusa. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hilo, na ni la zamani kuliko kesi hiyo: amana.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haizibi pengo hili lote. Inamlinda mtu: jina lake, namba yake, shamba lake. Jumla ya tani za AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, si taarifa ya mtu yeyote, kwa hiyo huangukia nje ya uzio. Na bado hiyo jumla ndiyo yenye bei. Wenzetu wameshaliona. Mwaka 2014 shirikisho la wakulima la Marekani lilikubaliana na makampuni ya zana na pembejeo kwamba taarifa zinazozaliwa shambani ni za mkulima. Mwaka 2018 mashirika ya wakulima ya Ulaya yakaandika na wafanyabiashara kanuni za mikataba ya kushirikishana taarifa. Zote ni ahadi za hiari, na sitazisifu kupita kiasi. Upande wa pili, wa makampuni, haukungojea hiari. Mwaka 1994 mahakama ya rufani ya Marekani ilithibitisha hukumu ya dola milioni 46.7 kwa kampuni ya Pioneer dhidi ya Holden, kwa sababu ya siri ya mbegu wazazi za mahindi chotara. Mkulima wa Babati anayenunua mahindi chotara kila msimu ananunua kitu kilichojengwa juu ya siri ya namna hiyo. Anaiheshimu, maana hana njia nyingine. Hajawahi kuombwa na yeye aheshimiwe vilevile.

Serikali itasema inahitaji takwimu, kwa ajili ya ruzuku ya mbolea na usalama wa chakula, na ina haki. Lakini hata Sheria ya Takwimu ya 2015 inamtaka anayekusanya asitoe majibu ya mtu mmoja mmoja, na jumla ya mkoa iliyotolewa baada ya msimu haimdhuru mtu. Kinachodhuru ni jumla ya ghala moja mikononi mwa mnunuzi mmoja kabla ya mnada.

Pingamizi linalonisumbua kweli ni la mwisho. Vyama vya ushirika nchini vina historia ya viongozi waliopenda siri kwa sababu zao. Kamati maalumu ya Rais iliyoundwa mwaka 1966 kuchunguza ushirika ilikuta ubadhirifu na hesabu zisizoeleweka, na kila kizazi tangu hapo kimekuwa na mwenyekiti wake aliyefunga daftari kabatini akisema ni mambo ya ofisi. Ukimpa mtu kama huyo neno siri ya biashara umempa kufuli jipya. Sina jibu linalomaliza hofu hiyo. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba desturi ya ng'ombe ililijua tatizo hili: aliyekabidhiwa hakuweza kumficha mwenye mali idadi ya ndama, kwa sababu mashahidi walikuwapo tangu siku ya kwanza, na mpaka wa siri ulipita nje ya wote watatu. Kwa AMCOS hilo lina maana ya vitu vya kuandikwa katika masharti ya chama, ambayo mkutano mkuu una uwezo wa kuyabadili chini ya sheria ya ushirika ya 2013: kwamba mwanachama yeyote aweza kufungua daftari la ghala saa yoyote ya kazi, kwamba karani, msimamizi wa ghala, dereva wa lori, mtafiti na fundi wa mfumo wa kompyuta hutia saini ahadi kabla ya kuliona, kwamba jumla hutolewa nje kwa uamuzi wa kikao na tarehe yake huandikwa. Ahadi ya karatasi itavunjwa mara nyingi. Lakini ikivunjwa kutakuwa na saini ya kuulizia, kama vile mnunuzi anayechoma gunia mbele ya mwenyewe anavyoweza kuulizwa hapohapo kwa nini anachoma mara ya tatu.